Mbweha wa Mguu Mfupi

Jumanne ya pili ya Oktoba mwaka 1996, saa tisa na dakika kumi alasiri, Traudel Wenk alitandika kitambaa cha plastiki juu ya meza ya jikoni, akapanga bisibisi zake tano kuanzia nene hadi nyembamba, kisha akajaza maji kisahani cha kikombe kwa ajili ya kulungu. Kisahani kilikuwa na ufa, lakini kulungu hawakuwahi kulalamika. Waliolalamika walikuwa wateja, na hao aliwanyamazisha kwa kahawa.

Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu bunduki zao za kuwindia zimezaliwa wapi. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa amepanda basi kila alfajiri kwenda ng'ambo ya kilima, kwenye nyumba ya majaribio ya bunduki, kugonga alama kwenye mitutu iliyofyatuliwa ikapona. Ukuta uliogawa Ujerumani ulipoanguka na mambo yakageuka, alipewa shada la maua na barua ya kumshukuru. Shada lilinyauka siku ya nne. Barua bado ilikuwa mbichi. Tangu hapo wajane, wawindaji na warithi wa kila namna walimletea bunduki walizozikuta chini ya mbao za dari, zimepakwa mafuta mazito na kufungwa kwa shuka la babu aliyewaogopa Warusi.

Watu wengi husoma bunduki juu, penye jina la dhahabu. Traudel alisoma chini. Aliondoa kitako, akaupindua mtutu, akalisoma tumbo lake, mahali ambapo chuma hakina sababu ya kujipendekeza kwa mtu. Huko kulikuwa na taji dogo la majaribio, mwezi na mwaka, na herufi ndogo kama mayai ya chawa: za aliyetoboa, za aliyelehemu, za aliyesugua. Mji wa Erlengrund ulitengeneza bunduki kwa njia hiyo miaka mia mbili. Kila fundi alifanya kazi kwake, dirishani, na kipande kikapita nyumba kwa nyumba kwa mkokoteni. Na hakuna aliyekiachia kipande kabla hajatia herufi zake. Mazoea hayo yaliingia mpaka kwenye damu. Mwoka mikate alitia herufi zake chini ya mkate. Mchimba makaburi alikuwa na zake pia, akazichonga kwenye jiwe la pembeni, asije mtu akajisifia shimo lisilo lake.

Wanyama nao walikuwa na ratiba yao. Saa kumi, wakati watu wa Erlengrund wanakata keki, wanyama waliochorwa kwenye mabamba ya pembeni ya bunduki walishuka kunywa maji. Kulungu, nguruwe mwitu, mbweha, kwale wa msituni, kila mmoja urefu wa kidole gumba, rangi ya penseli. Kwa kuwa mchoraji huchora ubavu mmoja tu, walikuwa na ubavu mmoja tu. Wakikugeukia uso walikuwa wembamba kama wembe, na paka wa mji ule walilijua hilo kwa ndimi zao. Bwana Günzel, jirani wa Traudel, alikuwa na ugomvi wa miaka kumi na nguruwe mwitu wa bunduki ya shemeji yake, aliyekuwa akifukua maua yake. Alimwandikia shemeji barua. Akajibiwa ajenge uzio. Akajenga, wa kimo cha kiberiti, na akatia herufi zake kwenye nguzo ya kona.

Wakishakunywa, wanyama walirudi kwenye chuma chao. Lakini bunduki ikipewa jina lisilo lake, hawakurudi. Walisimama wakikutazama, kwa subira ya mtu anayengoja chenji. Ukilitaja jina la aliyewachora, walipanda wenyewe, wakalala kila mmoja mahali pake, na kazi ikaisha. Ofisi hazikuupokea ushahidi wa wanyama tangu mwaka 1908, kwa sababu mnyama hawezi kutia saini. Traudel aliiona kanuni hiyo kuwa ya haki. "Hakuna alama, hakuna jina," aliwaambia wateja, hata waliokuwa wakilia. "Mimi si mganga. Mimi nasoma chuma."

Jumanne hiyo bunduki zilikuwa saba. Zililetwa na Daktari Henning Malsch, mkurugenzi wa jumba la kumbukumbu la mji, mtu wa Magharibi mwenye shali nzuri na miaka minne tu ya kuishi pale.

"Ni utaratibu tu, Bi Wenk," alisema Malsch, akizilaza mezani moja moja. "Jina hilo hapo, kwa dhahabu: Stutzbach na Wanawe. Mjukuu wao anakuja Jumamosi kutoka Kassel kutukabidhi rasmi. Meya atakuwepo, soseji zitakuwepo. Wewe jaza fomu, tia saini, basi."

"Mbao za chini ya mtutu nisifungue?"

"Za nini? Mtu akija na jina lake kifuani utamvua shati?"

"Inategemea mtu," alisema Traudel, na Malsch akawa mwekundu hadi kwenye shali.

Goti lilikuwa likimuuma siku hiyo, na fomu saba zenye jina moja ni sawa na fomu moja. Hakufungua mbao. Saa kumi wanyama walishuka, kumi na tisa kwa jumla, wakanywa kwa zamu kwenye kisahani chenye ufa. Traudel alivaa miwani, akasoma kwa sauti kama anayemwita mgonjwa kwenye foleni: "Stutzbach na Wanawe."

Wanyama walimtazama. Mbweha mmoja akakaa kitako.

"Stutzbach," alirudia Traudel. "S-T-U. Mna masikio ya nini?"

Saa kumi na dakika kumi walishuka kwa mguu wa meza, wakatoka kwa kidirisha cha paka mmoja nyuma ya mwingine. Traudel aliwaangalia dirishani. Walifika barabarani, wakangoja lori la bia lipite, wakavuka penye mistari ya waenda kwa miguu, maana walikuwa wanyama wa Ujerumani. Mbweha alikuwa wa mwisho. Alichechemea.

Saa kumi na moja simu ililia. Alikuwa Rico Hanke, mwenye duka la matairi kando ya kijito.

"Bi Traudel, wanyama wako wako kwangu. Kumi na tisa. Wamesimama wameelekea ukuta kama wanafunzi waliofukuzwa darasani."

"Ukuta gani?"

"Wa nyuma, ule wa matofali ya zamani, nilipopanga matairi ya theluji. Niwape nini?"

"Maji."

"Nimeshawapa. Kwenye kifuniko cha rimu ya Opel."

"Wamekunywa?"

"Wamekunywa. Hawana maringo. Lakini nikirudisha gari nyuma nitawasaga, na mimi sitaki kesi na jumba la kumbukumbu. Nimewawekea koni za barabarani."

Asubuhi yake mlango wa Traudel uligongwa na bibi mmoja mdogo wa umbo, mwenye koti la nchi ya joto na viatu visivyojua baridi. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili. Alisema anaitwa Miriam Löwengard, ametoka Montevideo kwa ndege tatu, na mwanamume mwema wa matairi ndiye aliyemwelekeza.

Kijerumani chake kilimshangaza Traudel kuliko wanyama. Kilikuwa cha lafudhi ya Erlengrund tupu, ile ya bonde la chini ambayo redio ilishaiua, lakini kilikuwa cha mtoto. Miriam aliondoka mjini akiwa na miaka kumi na miwili, na lugha ilibaki pale alipoiachia, na mikia yake miwili ya nywele.

"Nilikwenda kuiangalia nyumba yetu," alisema, akikaa ukingoni mwa kiti. "Haipo. Yapo matairi. Lakini wanyama wa baba wamesimama palepale ulipokuwa mlango. Basi nikajua mlango ulikuwa wapi. Mimi nilikuwa nimekosea, nilidhani uko karibu na bomba la maji."

"Wanyama wa baba yako?"

"Baba alikuwa Bernhard Löwengard. Alikuwa anachora. Yule mbweha mguu wake wa nyuma ni mfupi kwa sababu mimi nilimgonga baba mkono. Nilikuwa na miaka saba. Nilitaka kuona. Hakunichapa, ila alisema, 'Sasa atachechemea milele, na wewe ndiye utakayemwomba radhi.'"

"Ulimwomba?"

"Jana. Kwa Rico."

Traudel alimkatia keki ya plamu. Miriam aliila kwanza plamu zote, kisha unga, kama watoto wanavyofanya. Ndipo akasema alichokijia. Hakutaka nyumba. Hakutaka bunduki, angezifanyia nini Montevideo, apige njiwa? Alisoma kwenye gazeti la Kijerumani la kule kwamba kutakuwa na maonyesho. Alitaka kikaratasi kile kidogo cha ukutani, kile cha kando ya bunduki, kiandikwe Bernhard Löwengard. Baba yake, Myahudi aliyelazimishwa kuiacha karakana yake, alibaki nyuma mwaka 1936 kukabidhi funguo, akisema atawafuata kwa meli inayofuata. Hakuna mahali popote duniani jina lake lilipoandikwa, hata juu ya jiwe.

"Bi Löwengard," alisema Traudel, kwa sauti yake ya ofisini, "sikiliza. Bila alama mimi siwezi kuandika jina. Ndiyo kanuni."

"Wewe una kanuni bila jina," alisema Miriam, "na mimi nina jina bila alama. Si tufungue mbao basi tuone?"

Kwa hiyo Traudel alifanya Jumatano alichopaswa kukifanya Jumanne. Alifungua skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alichomoa mbao, akaupindua mtutu, akavaa lenzi ya jichoni. Taji lilikuwepo. Mwezi na mwaka ulikuwepo: wa nne, thelathini na moja. Mwaka 1931 Stutzbach mzee alikuwa bado akiuza miavuli kando ya kituo cha treni. Hilo kila mtu wa umri fulani alilijua, na kila mtu wa umri fulani aliliweka akilini kwa nyuma, pamoja na mengine. Baada ya mwaka, pale ambapo chapa ya karakana hukaa, palikuwa na mahali patupu, papana kama ukucha.

Palikuwa pamefutwa. Traudel aliwahi kuona majina yaliyofutwa mia moja. Wezi hutumia tupa, hubakiza makovu, na chini ya kovu daima kuna mguu wa herufi fulani. Hapa hapakuwa na kovu. Aliyefuta alikuwa ameshusha chuma kidogokidogo, kwa jiwe, kisha kwa ngozi, kisha kwa jivu la mbao laini, mpaka mahali pale pakang'aa kuliko mtutu mzima. Na mistari ya jiwe, ukiilaza kwenye mwanga, ilianguka upande wa kushoto kama mvua yenye upepo.

Kisu cha mkate cha nyumba ile kilikuwa na mistari hiyohiyo. Na kishikio cha mlango wa chumbani. Na kijiko alicholishiwa Traudel uji. Mjini palikuwa na msuguaji mmoja tu wa mkono wa kushoto, na alilala chini ya jiwe lenye herufi za mchimba makaburi: Eduard Wenk, babu yake.

Akafungua ya pili. Akafungua zote saba. Ziling'aa zote. Na kando ya kila mng'aro, safi, zimegongwa kwa uangalifu, palikuwa na herufi mbili: E.W.

Traudel aliivua lenzi, akaifuta, akaivaa tena, herufi zikabaki palepale. Babu alikuwa amemfuta mwajiri aliyemtumikia miaka kumi na tisa, akapasugua pakawa kama kioo. Na kwa sababu Erlengrund kazi haitoki mezani bila herufi, akatia zake. Mara saba. Mtu mwingine angeiba akakimbia. Babu aliiba, akasaini, akapangusa vumbi.

Miriam alikuwa akichezea makombo. Bila lenzi hakuweza kuona chochote. Kalamu ilikuwa mezani, fomu zilikuwa mezani, na neno Stutzbach lina herufi tisa tu.

"Umeona nini?" aliuliza Miriam.

"Chuma kisafi."

"Kisafi si kizuri?"

"Hiki kimezidi." Traudel aliinuka, akachota maji asiyoyataka. Alisema akiwa ameipa meza mgongo: "Baba yako alikuwa na msuguaji. Wa mkono wa kushoto."

"Mjomba Eduard!" alisema Miriam, na uso ukamfunguka. "Alinifundisha kupiga mluzi kwa vidole. Kila Jumapili alikula madonge ya viazi kwetu, sita, na mama akasema tumbo lake halina sakafu. Unamjua?"

"Ni babu yangu. Ndiye aliyelifuta jina la baba yako. Alifanya vizuri sana. Mwaka wa thelathini na saba akapewa usimamizi wa karakana, kwa Stutzbach."

Saa ya ukutani ilipiga nusu. Miriam alikusanya makombo yote kwa kidole, akayaweka katikati ya sahani.

"Alikuwa mwangalifu," alisema mwishowe. "Baba alimsifu kwa hilo."

Saa kumi walikwenda pamoja kwa Rico, bunduki ya mbweha imeviringishwa kwenye blanketi. Wanyama walikuwa bado wameelekea ukuta, ndani ya koni. Mpeleka barua alikuwa amesimama na baiskeli, na Rico alikuwa na soseji mkononi, haradali ikimdondoka kwenye kiatu. Traudel aliilaza bunduki juu ya tairi. Miriam aliinama mpaka goti likalia, akasema, "Bernhard Löwengard," kwa sauti ya mtoto anayeulizwa baba yake ni nani.

Mbweha aligeuka. Alichechemea mpaka kwenye bunduki, akapanda bamba, akajizungusha mara moja, akalala. Mstari wake ulizama kwenye chuma kama wino wa kalamu iliyoandika hivi punde.

"Basi ndiyo hivyo," alisema Rico. "Hao wengine nao lini? Kesho naletewa matairi arobaini."

Alhamisi saa tatu asubuhi walikaa ofisini kwa Daktari Malsch, ambaye aliwavutia viti yeye mwenyewe na kuwamiminia kahawa. Traudel alimpa fomu saba. Kwenye kila moja alikuwa ameandika: Kazi ya Bernhard Löwengard, Erlengrund. Jina lake limefutwa baadaye na Eduard Wenk, babu yangu, ambaye herufi zake zinaonekana. Mahali pa saini alitia saini, na pembeni, bila kufikiri, herufi zake mbili.

Malsch alisoma zote saba, ingawa zilikuwa sawa.

"Nimeguswa," alisema. "Nasema kweli. Lakini nisaidie, Bi Wenk. Jina Löwengard liko wapi kwenye chuma?"

"Limefutwa."

"Kwa hiyo halipo."

"Lilikuwepo. Ona mng'aro. Ona herufi. Mtu hasugui mahali pasipo na kitu."

"Herufi E.W. zinathibitisha kwamba Eduard Wenk alisugua. Naye alikuwa msuguaji. Tunamwandikaje mtu kwamba alifanya kazi yake?"

"Mbweha alirudi kwa jina hilo. Waulize Rico na mpeleka barua."

"Siwezi kupokea mbweha." Malsch aliyasema hayo kwa huzuni ya kweli. "Na daftari la mafundi la mwaka huo liliungua, sijui kama unajua."

"Najua. Najua pia ni nani aliyeshika kiberiti. Mtutu una mwaka 1931, Daktari. Stutzbach alikuwa anauza miavuli!"

"Hilo nakubali, na nitaliandika. Bunduki zilitengenezwa kabla ya kampuni, kampuni ikazipata, ikaziuza kwa jina lake. Ni desturi ya biashara." Alichukua kalamu. Kwenye fomu palikuwa na mstari uitwao Mtengenezaji wa awali. Malsch aliandika, kwa mwandiko mzuri: hajulikani.

"Mimi namjua," alisema Miriam.

"Najua kwamba unamjua, bibi. Fomu ndiyo haimjui. Ukinipa hata herufi moja, hata mguu wa herufi, nabadilisha leo hii." Akamgeukia Traudel. "Hakuna alama, hakuna jina. Si maneno yako hayo? Niliyasikia mwaka wangu wa kwanza hapa. Ulimwambia mjane mmoja kutoka Schleusingen, akalia, nami nikasema moyoni, huyu mama ana msimamo."

Traudel alimkumbuka yule mjane. Alikuwa na kulungu watatu mkononi, kwenye leso, na Traudel alimrudishia leso yake.

Walipokuwa wakishuka ngazi Miriam alisema, "Kama Mjomba Eduard angekuwa fundi mbaya, ningepata."

"Ndiyo," alisema Traudel. "Tungepata hata mguu wa herufi."

Jumamosi watu walijaa. Meya alihutubia kuhusu mikono ya mababu. Mjukuu wa Stutzbach alikuwa daktari wa meno, mtu mpole mwenye masikio makubwa, na alipoziona bunduki za ukoo nyuma ya kioo alilia machozi ya kweli, akaomba leso. Mabamba ya pembeni yalikuwa matupu, laini kama vijiko. Mbweha alikuwa ndani ya kabati mpaka saa nne na nusu, kikaratasi chenye neno Stutzbach kilipobandikwa. Hapo aliinuka, akapenya kioo palipokuwa na upenyo mwembamba kama wembe, akashuka ngazi akichechemea katikati ya wageni. Watu walimpisha. Mama mmoja alimshikia mlango.

"Umetoka mbali sana, nimeambiwa," daktari wa meno alimwambia Miriam, akimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Unapenda bunduki?"

"Hapana. Napenda mbweha."

"Ah, mbweha! Nasi nyumbani tunao, kwenye pipa la taka." Akacheka kwa wema. Miriam alimtazama meno, akaona ni mazuri.

Hakubaki kula. Mchana ule alikaa kwa Rico juu ya tairi la trekta, mbele ya wanyama kumi na tisa, akawapigia mluzi kwa vidole. Mluzi ulikuwa safi, wa kwenda mbali. Yeyote aliyemfundisha alimfundisha vizuri. Jumapili aliondoka kwa treni ya saa mbili. Traudel alimfungia keki yote iliyobaki. Mwezi wa pili barua ilikuja kutoka Montevideo, mwandiko si wake, ikisema kwamba bibi amefariki, na kwamba jiwe lake lina majina mawili, la kwake na la baba, kwa kuwa mahali palitosha.

Majira ya kuchipua jumba la kumbukumbu lilimwita Traudel tena. Kwenye mabamba matupu, mwanga ukiyapiga kwa pembeni, wageni walianza kuona vivuli vya wanyama waliotoka, na walikuwa wakiuliza. Malsch alitaka mtu wa kuyasugua.

"Hakuna mwenye mkono kama wa ukoo wenu," alisema.

"Ndiyo maana," alisema Traudel, akachukua mwavuli wake.

Walimpata mtu wa mji mwingine, aliyekuja na mashine. Alifanya bunduki saba kwa dakika arobaini. Makovu yake yanaonekana hata kwa mbali, na wageni hudhani ni uzee wa chuma. Kikaratasi cha ukutani kinasema Stutzbach na Wanawe, na chini yake, kwa maandishi madogo: mtengenezaji wa awali hajulikani, nakshi hazipo kwa sasa.

Wanyama wako kwa Rico. Aliwanunulia beseni, akahamishia matairi ya theluji upande wa pili. Saa kumi Traudel hufika na maji, huwamiminia, hulitaja jina mara moja kwa sauti ya kawaida, nao humtazama wote kumi na tisa, kisha hugeukia ukuta kwa kuwa chuma chao kiko nyuma ya kioo na kikaratasi. Mwaka juzi baraza la mji lilikaa vikao viwili kuwajadili, likakubaliana kwa kauli moja. Likawachorea mstari mweupe pande zote, likasimamisha kibao cha bati: Tahadhari, wanyama. Maegesho hayaruhusiwi saa kumi hadi saa kumi na mbili.

Ni kibao kizuri, herufi zake zimenyooka. Chini kabisa, kwenye kona ya kulia, aliyekipaka rangi ameweka jina lake.